Machi Mpaka Juni, Mzazi Ndio Mwanafunzi

Wenye watoto sekondari huku Marekani mtanielewa. Ikifika Machi shule inahamia nyumbani kwako. Imeili zinaingia, apu ya shule inalia, kochi ana apu yake nyingine kabisa, mwalimu wa maigizo naye ana yake, na zote zinataka kitu kimoja, wewe. Ada hakuna, hii ni shule ya serikali, na hapa Minnesota tangu 2023 hata kifungua kinywa na chakula cha mchana shuleni ni bure. Hela yako hawaililii sana (subiri nifike kwenye promu). Wanachotaka ni uje mwenyewe na mikono yako miwili, Jumanne saa tisa na nusu alasiri, wakati wewe umetoka zamu ya usiku na kulala bado.

Mimi nimesoma bweni Tanzania, sasa fikiria. Baba yangu kazi yake ilikuwa ile fomu ya kujiunga: tranka, godoro, ndoo, jembe, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Alinifikisha getini, akasalimiana na mwalimu wa zamu, akasema haya nawaachia, akawahi basi la kurudi Tanga. Imeisha hiyo. Siku ya wazazi akija na maandazi na hela ya sabuni tunashukuru Mungu. Hakuna mtu aliyewahi kumpigia marehemu baba simu kumuuliza kama ana nafasi aje kushika futi kwenye kuruka chini.

Mimi nimeshika. Hiyo futi nimeshika mwezi wa nne, upepo unakata masikio, nimevaa koti la baridi na khanga juu yake.

Nina wawili, binti gredi 12 na kijana gredi 10, tuko vitongoji vya kaskazini ya Minneapolis. Na kwanza tuelewane kuhusu hii springi, yaani majira ya kuchipua baada ya baridi, maana ukiangalia kwenye picha za mtandao utaona maua na watoto wamekaa kwenye nyasi. Huku springi iko kwenye kalenda. Msimu wa michezo ya springi unaanza katikati ya Machi, besiboli, softiboli, tenisi, gofu, lakrosi, riadha, na mwaka huu wa 2025 voliboli ya wavulana nayo imeingia rasmi, ila uwanja wenyewe bado uko chini ya theluji. Kwa hiyo watoto wa riadha wanakimbia kwenye korido za shule. Kweli kabisa, korido ile ile ya makabati ya madaftari, wanapita wanapiga kona, mwalimu akitoka darasani aangalie kushoto na kulia kwanza kama anavuka barabara ya Kariakoo. Aprili 2018 ilishuka theluji karibu sentimita 40 hapa Minneapolis ndani ya siku mbili tatu, katikati ya mwezi wa nne, na watu walishatoa baiskeli nje. Wenyeji wanacheka tu. Wakiona nyuzi joto 10 wanavaa kaptula.

Binti anakimbia. Mwaka huu msimu ulianza katikati ya Ramadhani, mfungo uliingia tarehe 1 Machi, na mazoezi ni kila siku baada ya masomo, saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni. Halafu juu ya hapo tarehe 9 wakasogeza saa mbele, maana huku Marekani saa zinachezewa mara mbili kwa mwaka, leo magharibi inaingia saa kumi na mbili na kitu, kesho yake inaingia saa moja na dakika kumi. Najua mfungo haujaongezeka hata dakika, jua ni lile lile, lakini mweleze mtu ambaye tumbo lake limeshazoea saa ya ukutani. Kijana wangu alisema serikali imeiba futari.

Kochi ni mzungu wa makamo, hajui lolote kuhusu mfungo, lakini alifanya jambo nililolipenda, alimwita binti na wenzake wanaofunga (wengi ni Wasomali, Minnesota ndiyo yenye Wasomali wengi kuliko jimbo lolote Marekani) akawauliza wao wanataka nini. Hakuwaambia wapumzike. Wakakubaliana siku za mbio ndefu wao wafanye mambo ya kutoka kwenye mstari, kupokezana kijiti, kunyoosha viungo, vitu ambavyo havikaushi koo. Nikajiuliza kama ningekuwa mimi na mwalimu wangu wa michezo wa enzi zile nani angeniuliza nataka nini. Ungeambiwa tu, zunguka uwanja.

Hijabu haikuwa tatizo lakini msidhani ilikuwa hivyo siku zote. Mwaka 2019 kule Ohio kuna msichana wa sekondari alikimbia mbio za nyika, akamaliza vizuri, kwenda kuangalia karatasi ya matokeo jina lake halipo. Wamemwondoa kwa sababu alivaa hijabu bila barua ya ruhusa. Barua! Akasimama akapiga kelele mpaka Ohio ikatunga sheria mwaka 2022 kwamba mwanafunzi akivaa kitu cha dini michezoni asidaiwe ruhusa. Kwa hiyo mabinti zetu wanapofunga vitambaa vyao leo na hakuna anayewagusa, kuna mtoto mwenzao amelilipia hilo.

Sasa mashindano yenyewe. Mzazi mgeni nakuonya. Yanaanza saa tisa na nusu au saa kumi alasiri na yanaweza kwenda mpaka saa tatu usiku. Shule nne tano ziko pale, kila mbio ina makundi kibao kwa sababu riadha haimfukuzi mtu, mtoto yeyote akija mazoezini yuko timu, hata yule anayekimbia kama ametumwa dukani. Mita 100, 200, 400, 800, 1600, 3200, viunzi vya mita 300 (sio 400 kama tulivyozoea kuona Olimpiki), halafu kurusha tufe na kisahani kule pembeni ambako hakuna anayeangalia isipokuwa mama wa mrushaji. Binti yangu anakimbia kijiti cha 4 kwa 400. Hiyo ndiyo ya mwisho kabisa siku zote. Yaani wewe umekaa kwenye mabenchi ya chuma tangu alasiri, umekula bisi zote za kibanda, makalio yameganda, unamsubiri mtoto wako akimbie dakika moja na sekunde kidogo, na ukiinama kuokota glavu umemkosa.

Ndio maana nikaona bora nijitolee. Ukijitolea unapewa kazi, unatembea, damu inazunguka. Wanakupa reki usawazishe mchanga, au unashika ncha ya futi mwenzako anasoma namba. Na hapo ndipo nilipojua wazazi wa wenzake, maana huku unaweza kukaa mtaa mmoja na mtu miaka mitano mkapungiana mkono tu. Mama mmoja wa Kihmong, kabila la kule Asia, tulisawazisha mchanga pamoja msimu mzima, siku ya tatu tukawa tunabadilishana vyakula.

Kuna ndugu zangu hawapendi hii habari ya kila mtu yuko timu. Wanasema inalea uzembe. Nyumbani kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, unachujwa shuleni, unachujwa wilaya, unachujwa mkoa, ukifika taifa mwezi wa sita wewe ni mtu kweli kweli. Na mimi nakubali, vipaji vinatoka hivyo. Lakini nakumbuka shule nzima sisi tulikuwa washangiliaji, mamia ya wasichana tumekaa chini ya mwembe tunapiga vigelegele kwa wenzetu kumi na wawili. Binti yangu hashindi chochote, namwambia ukweli, mara nyingi kijiti chao kinatoka cha nne au cha tano, na mwezi wa tano mwishoni ndani ya msimu mmoja alikuwa amepunguza sekunde sita. Kwa mtu ambaye angebaki chini ya mwembe.

Kijana yeye hakimbii, yeye ni wa jukwaani, anafanya taa kwenye mchezo wa kuigiza wa springi. Hapo sina mengi. Wiki ya mwisho kabla ya kuonyesha wanakaa shuleni mpaka saa nne usiku kila siku, wazazi mnagawana kupika, nilipeleka sambusa wakaisha kabla sijafunua sufuria ya pili, tangu siku hiyo mimi ndio mama wa sambusa, sina jina lingine.

Masomo je? Mnauliza na nyinyi. Yapo. Ila gredi 12 ikifika springi kichwa kimeshaondoka. Sababu ni kwamba mambo yao makubwa yanaisha mapema, maombi ya chuo wanapeleka kuanzia Novemba mpaka Januari, majibu mengi yanatoka mpaka mwisho wa Machi, na tarehe 1 Mei ndiyo siku ya kuamua unaenda wapi. Siku hiyo wanavaa fulana za vyuo vyao wanapiga picha. Wakati huo huo mwezi huo huo wa tano kule nyumbani Form Six wako ndani ya chumba cha mtihani wa taifa, hawacheki na mtu. Sisi tunafanya mahafali kwanza, tunakula wali na soda, halafu ndiyo tunaingia kwenye mtihani unaoamua maisha, na matokeo tunasubiri tukiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) au tumekaa nyumbani. Huku wamepindua, wanajua wanapoenda kabla hata hawajavaa joho. Binti yangu tangu Machi kila nikimuuliza kazi ya shule anasema mama mimi nimeshachaguliwa. Nikamwambia chuo kinaomba tena matokeo ya mwisho na wakiona umeporomoka wanaweza kufuta nafasi. Akarudi kwenye daftari. Na hilo sikumtishia, ni kweli.

Halafu kuna mitihani ya AP, hii wazazi wengi wa kwetu wanaisikia hawaielewi. Ni masomo ya kiwango cha chuo yanafundishwa sekondari, mtihani unafanyika wiki mbili za mwanzo za Mei, unapimwa 1 mpaka 5, ukipata 3 au zaidi vyuo vingi vinakuhesabia kama umeshasoma somo hilo, na hiyo ni hela umeokoa. Mwaka huu mingi imehamia kwenye kompyuta. Mtihani mmoja karibu dola 100, ila mkiwa na kipato kidogo muulizeni mshauri wa shule, kuna punguzo. Na kama uko Minnesota usiache kuuliza kuhusu PSEO, mtoto wa gredi 11 na 12 anasoma masomo ya chuo kabisa, chuoni, na jimbo linalipa, mpango huu upo tangu 1985 na bado kuna Waswahili wenzangu hawaujui. Fomu zake zinajazwa springi, katikati ya hizi kelele zote, na ndio maana zinawapita watu. Na lingine, tangu 2024 familia yenye kipato chini ya dola 80,000 mtoto wake akienda chuo cha umma hapa Minnesota ada inalipwa, unajaza tu fomu ya msaada wa serikali. Binti yetu anaenda kwa mpango huo. Mimi na baba yao tulikaa na ile fomu usiku mzima, chai thermos mbili, tukaimaliza. Hiyo futi na reki ni bure, hii fomu ina hela, ukichoka choka kwingine.

Haya, promu.

Promu ni dansi kubwa ya mwisho wa mwaka, ya gredi 11 na 12, Aprili mwishoni au Mei. Kabla yake kuna kuombana, kijana anatengeneza bango na maneno ya mzaha anamsimamisha msichana mbele ya watu amuulize kama watakwenda wote. Binti aliponieleza baba yao alikuwa anakunywa chai, akaweka kikombe chini taratibu. Hapana. Akasema hapana nyingine. Binti hakulia wala hakununa, alikuja na hoja zimepangwa: haendi na mvulana, wanaenda wasichana sita kwa kundi, wawili kati yao wana hijabu, mama wa mmoja anawapeleka na sisi tunawachukua saa tano usiku, na nguo atavaa ya mikono mirefu. Tena akatoa mfano, kule Hamtramck, Michigan, mwaka 2012 wasichana walishafanya promu yao ya wasichana watupu, milango imefungwa, wakavua hijabu wakacheza, kwa hiyo promu si lazima iwe unavyofikiria baba. Baba yao akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia chai.

Akakubali kwa sharti moja, nguo aione kwanza.

Nguo za dukani hazina mikono. Zikiwa na mikono hazina mgongo. Zikiwa na mgongo zina mpasuo. Basi nikampigia mama yangu Tanga, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamweleza mjukuu wako anataka gauni. Kimya kidogo. Anaolewa? Haolewi mama, ni sherehe ya shule. Sherehe ya shule gani ya kuvaa gauni la lesi usiku? Nikamweleza tena. Akasema basi mke mwenzangu hawezi kwenda hovyo mbele ya wazungu, nitumie vipimo. Akamkamata fundi wake wa siku zote, akamsimamia kama anajenga nyumba, kila siku picha kwenye WhatsApp, lesi ya kijani au ya zambarau, mkono uishie wapi, fundi anasema kifua kiko sentimita ngapi na mimi futi yangu ni ya inchi. Gauni likaja na mtu aliyekuwa anatoka likizo, limekunjwa ndani ya mfuko wa unga, na ndani yake bibi ameweka karafuu na pakiti ya hina. Piko, ile rangi nyeusi ya mabibi harusi, hakuweka. Alisema piko aachie siku yake.

Baba yao alilitazama, akalizungusha, akasema mbona zuri kuliko la mama yako la harusi. Nilimsamehe.

Hela sasa. Tiketi, chakula cha hotelini kabla ya dansi maana kwenye dansi hakuna chakula cha maana, viatu, ua la kuvaa mkononi, na sisi tumeokoa kwenye gauni na nywele. Familia za wenzake walilipa mamia ya dola, suti za kukodi, gari refu la kukodi. Mimi naona ni upuuzi na nasema hivyo hadharani, mtoto wa miaka 17 hana sababu ya kukodi gari refu. Lakini nyumbani napo tunachangishana mamilioni kwa ajili ya kitchen party, kwa hiyo mdomo wangu una mipaka.

Kitu ambacho sikukitegemea ni ile gwaride. Hapa Minnesota, sijui majimbo mengine, kabla ya kwenda ukumbini wanafunzi wote wanapita mbele ya wazazi ndani ya jimu ya shule, jina lako linasomwa, unapanda jukwaani, unatembea, wazazi mnapiga makofi. Watu wanakuja na mabibi na wadogo zao na majirani. Yaani ni kama kutoka kwa bibi harusi, tena makundi kwa makundi. Yakaja majina ya wale sita, binti yangu na gauni la Tanga linaburura, nikasahau niko wapi nikapiga kigelegele. Kile cha kwetu, kirefu. Jimu nzima ikageuka. Kutoka upande wa pili Wasomali wakanijibu, wao nao wana chao, halafu mama mmoja wa Kiliberia akapokea, basi pale pakawa pa moto kidogo. Kijana wangu alijifunika uso na koti. Binti alicheka mpaka akakosea ngazi.

Niliirekodi nikamtumia bibi yao. Alijibu na sauti ya dakika nne, dakika tatu zikiwa ni za kumsifu fundi.

Sasa hivi tumebaki na moja, sherehe ya kuhitimu ya nyumbani. Joho wameshavaa wiki iliyopita, majina mia nne na kitu yamesomwa kwenye jua, tumeunguzwa. Huku kila familia ina siku yake mwezi wa sita, unafungua gereji, unaosha sakafu ya gereji (gereji!), unaweka meza na picha za mtoto tangu ana meno mawili, watu wanapita. Wanapita kweli. Wana ratiba, Jumamosi moja mtu ana sherehe tano, anakuja kwako dakika ishirini, anakula kidogo, anatumbukiza kadi yenye hela kwenye boksi, anakumbatia mtoto, anaondoka kwa mwenzako. Mimi na Waswahili wa hapa tukishaalikwa saa nane tunafika saa kumi na moja na tunaondoka usiku tumebeba na chakula. Kwa hiyo nimeandika kadi za aina mbili. Wenyeji saa saba mchana mpaka saa kumi. Wa kwetu nimewaandikia saa nane, najua watakapofika.

Bibi yao nilipomweleza kwamba wageni wa mchana watakaa dakika ishirini tu aliuliza maswali mawili, je kadi zina hela kweli, na je unawapikia pilau ya nyama. Nikasema ndiyo yote mawili. Akasema hao wa dakika ishirini wape ya kuku, nyama waachie watakaokaa.